Anwani ya Mashine Yangu na Sauti ya Marehemu Maliro

Jumatatu, 4 Septemba

Butembo na vitongoji vyake wajulishwe: leo saa tatu asubuhi kompyuta yangu imepata anwani. Hakuna ngoma iliyopigwa. Mke wangu Bénite alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa.

Kisa ni hiki. Jumamosi Mama Jokébed anaondoa matanga ya mume wake, marehemu Maliro, kule Mulekera, Beni. Maliro aliongoza kwaya yetu miaka ishirini. Sauti yake imebaki kwenye kaseti moja tu, na mimi ndiye niliyeiingiza ndani ya kompyuta, pamoja na video nzito. Mama anataka kuisikia mbele ya watu. Sadrack, mwimbaji wetu wa besi, alishauri tuiweke kwenye flash, yeye aibebe kwa basi. Nikamjibu kwamba kwa basi tunabeba mbegu za viazi. Nina programu inayotuma kutoka mashine hadi mashine, bila bwana katikati. Inadai anwani tu. Nikachungulia ndani ya mashine, nikaiona: 192.168.1.7. Nimempelekea Jephté, mpwa wa Mama, mwenye laptop kule Beni.

Jumanne, 5 Septemba

Jephté amepiga simu. Tangu jana anabisha kwenye 192.168.1.7 na anayebishiwa ni yeye mwenyewe. Mashine yake nayo ina namba ileile. "Papa Muyisa, niko nagonga mulango yangu, na mimi niko ndani."

Bénite anafundisha informatique, somo la kompyuta, kwenye sekondari, na nyumbani ananifundisha mimi bure. Amesema hiyo ni namba ya ndani ya nyumba, kama kusema "chumba cha pili". Kila nyumba ina chumba cha pili. Namba ambayo dunia inaiona iko kwenye modemu, na mashine iliyo ndani haiwezi kuijua peke yake. Lazima iulize walio nje: mmeniona nikitokea wapi? Programu yenyewe huziuliza mashine za watu wengine, na jibu ambalo wengi wanapatana juu yake ndilo inalolishika.

Nikasema ni aibu, mashine ya mtu mzima kuuliza wageni inakaa wapi. Akauliza: "Papa Shalom, we ulisha onaka kisogo yako?" Baadaye nilijaribu na vioo viwili. Nimepata sikio.

Jumatano, 6 Septemba

Wageni siwaamini. Kwetu ukitaka kuthibitisha makao, unaenda kwa chef d'avenue, mkuu wa mtaa, na mashahidi wawili, anakupa karatasi ya attestation. Donc nimetafuta mashahidi waaminifu: kompyuta ya binti yetu Shalom, na ile ya Ananie mwenye studio ya picha mlango wa pili, ambaye tunatumia modemu moja. Nimeziuliza zinaniona wapi. Zote: 192.168.1.7. Ukijumlisha na mashine yangu, kura tatu kwa sifuri.

Nikaenda kwa chef. Akauliza kama mkaaji ni mzaliwa au mhamiaji. Nikasema ni mashine, imetoka Dubai. Akaandika "célibataire", yaani hajaoa, akapiga muhuri.

Bénite alisoma karatasi, akatafuta kiti, akakaa. Amesema mashahidi wangu wote wameketi nami nyumba moja, wataonaje namba ya nje? "Uliza mutu ako inje."

Alhamisi, 7 Septemba

Nimewaruhusu wageni. Programu imeziuliza mashine tano zisizonijua kabisa. Nne zimetoa namba moja ndefu. Ya tano imetoa yake, ikapuuzwa, kama tunavyompuuza Sadrack kwenye mkutano wa kwaya. Nikampa Jephté ile ya zile nne, na saa tano mzigo ukaanza kwenda. Saa kumi: asilimia kumi na tisa, Jephté akazima laptop mpaka kesho asubuhi. Nilitembea mbele ya duka langu nikiwa nimefunga mikono mgongoni.

Nimemwomba Ananie achore namba hiyo kwenye bango la duka, rangi nyekundu. Na kwa kuwa anwani iliyopigwa rangi haina ubishi, nikaiandika kwa mkono ndani ya programu, nikaweka alama kwenye "usiulize tena". Bénite akauliza kama nina hakika. Nikamwonyesha bango.

Ijumaa, 8 Septemba

Saa mbili umeme ulikatika. Saa nne umerudi, modemu ikawaka, mzigo ukabaki palepale. Jephté anagonga, kimya.

Bénite anasema modemu ikizimika na kuwaka, kampuni huipa namba nyingine. Programu ingewauliza wale wageni na kujua mara moja. Lakini nimeifunga mdomo. Inaitangazia dunia nzima namba ya jana. Nani anakaa huko leo, Mungu anajua, na huyo ndiye Jephté anamsumbua.

Kurekebisha ni kubonyeza mahali pamoja. Ila rangi haijakauka. Nimesema tusubiri, labda namba ya jana itarudi.

Jumapili, 10 Septemba

Ukweli ni huu. Mzigo haukupita asilimia kumi na tisa. Ijumaa saa saba, nikiwa juu ya ngazi nikilitazama bango, Bénite aliweka yote kwenye flash akampa Sadrack, aliyekuwa anapanda basi na wanakwaya. Mimi nilibaki kulinda mitambo.

Jana Mama Jokébed alimsikia mume wake. Kabla ya wimbo wa kwanza Maliro anakohoa, anauliza nani amekalia kitabu chake. Jephté anasema Mama alicheka mpaka machozi, na matanga yote yakacheka naye.

Leo Mama amenipigia. "Papa Muyisa, mashini yako imeniletea bwana yangu." Kumbe Sadrack hakumwambia kitu, aliniachia heshima yote. Hilo limeniuma kuliko kuchekwa. Nilipaswa kusema: flash, Sadrack, basi. Nikasema: ndiyo, Mama, ni teknolojia.

Kisha akasema kaka yake Kahongya wa Kasugho anaomba nakala, na kwamba Sadrack anapita huko Jumanne, ataibeba. Nimemwambia asimchoshe Sadrack, nitaituma mwenyewe. Nimempigia Kahongya kumwomba anwani. Kompyuta hana, lakini anakaa nyuma ya kanisa, mlango wa bluu.

Nimeiandika ndani ya programu. Kwa herufi kubwa, ili isikosee.