Kobe Hakuporomoka: Ombi kwa Meneja wa Bustani ya Michezo ya Piney Hollow

Ndugu Meneja,

Pokea salamu kutoka mji wetu wa Macon, ambako joto linatuyeyusha sote, ingawa mimi, kwa kiuno hiki, nitachukua muda kidogo. Naitwa Thaddeus Gilyard, mwenyekiti wa mkutano wa ukoo wa Gilyard. Cheo nilipewa siku niliyotoka ukumbini kwenda kuongeza saladi ya viazi.

Kila Julai tunavaa fulana za rangi moja, tunakula kambare wa kukaanga, kisha tunapanda mashua zenu za Mteremko wa Kobe, zile zinazovutwa hadi kileleni na kutelemka kwa kasi. Mwaka huu Shangazi Ozella, mkubwa wetu wa pekee aliyebaki, amesema tukienda huko yeye haji mkutanoni. Bila yeye sisi si ukoo, ni watu tu waliovaa fulana.

Malalamiko yake, ambayo sasa ni yangu, ni haya:

1. Sauti. Kobe wenu wa kwenye vipaza sauti vya mashua, mliyemtoa kwenye katuni moja ya zamani, anaongea kama aliyejaza uji wa moto mdomoni, na watu wanacheka wakidhani ndivyo wazee wetu weusi walivyoongea. Shangazi anasema: "Hadithi ni ya bibi yangu, na Kobe wa bibi alinena kama wakili. Nani kamharibu hivi?"

2. Mwisho. Katika hadithi ya huyo bibi yake, Mbwamwitu alimkamata Kobe bondeni ampike. Kobe akamwambia nyama yake ni chungu mpaka ipigwe na upepo wa kileleni. Mbwamwitu akambeba mgongoni, akihema, hadi juu, na huko juu ndiko nyumbani kwa Kobe! Akaingia, akashukuru kwa kubebwa, akafunga mlango. Hadithi ikaishia hapo. Ninyi mnatupandisha vizuri kabisa, halafu mnatuporomosha majini.

3. Kwa hiyo tunaomba abiria washukie juu, na hapo mtujengee nyumba yenye kibaraza na viti vya kubembea.

4. Mtu akifika nyumbani haachwi na njaa. Mkate wa mahindi utatosha, na chai baridi yenye sukari ya kweli.

5. Kwa kuwa hakuna atakayekubali kushuka tena, hamishieni huko lango, maegesho na vyoo. Bonde mwachieni Mbwamwitu.

Binamu yangu Cleophus ananitania: "Mwenyekiti, bustani nzima ipande mlima kwa ajili ya shangazi mmoja?" Ndiyo, ipande. Naye akiitwa na Shangazi huvua kofia hata kwenye simu.

Nisalimie wakata tiketi, na yule dada anayetupiga picha mashua ikiporomoka, ambaye kila mwaka hunikuta nimefumba macho. Hata Mbwamwitu wenu msalimie. Anafanya kazi aliyopewa.

Wako, nikitazama juu,
Thaddeus Gilyard

Nyongeza: Usijenge kitu. Jana Shangazi alikwenda huko na akina mama wa kanisa kukusanya ushahidi, akapanda, akarudi ameloa hadi kwenye kofia, anacheka. "Wee Thaddeus, nani kakwambia anayeanguka ni Kobe? Kobe kabaki juu kwake! Anayerudi chini na njaa yake ni Mbwamwitu!" Mkutanoni anakuja. Ila ile sauti, anasema, izimeni. Atasimulia mwenyewe kutoka kiti cha mbele cha mashua. Mimi niwekwe nyuma kabisa, kwa sababu napiga mayowe.