Hazina Mnyama wala Mdudu

Jumapili, 14 Desemba 2025

Siku yangu imefika! Padre Paskasi ametangaza baada ya misa kwamba Krismasi tutakuwa na mgeni, mama mmoja mtaalamu wa udongo kutoka Ubelgiji, na kwamba mgeni huyo ni vegani. Nilidhani ni dhehebu. Kumbe hali nyama, samaki, mayai, maziwa, siagi, hata asali. Kanisa zima liliguna kwa huruma. Bibi mmoja nyuma yangu aliuliza kama ugonjwa huo ulimwanza utotoni.

Nikamtazama Mama Genoveva. Mwaka wa tisa huu anaongoza kamati ya chakula hapa Bonga, kwa sababu tu ya biskuti zake za samli na mayai. Samli! Mayai! Alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi Krismasi iliyopita nilipangiwa kuelekeza bodaboda mahali pa kuegesha, nje, kwenye mvua, na nilipoingia ndani chai ilikuwa imebaki majani. Nikanyoosha mkono. Nikasema biskuti za mgeni nitaoka mimi, na nikifaulu, kamati niongoze mimi. Padre alifikiri kidogo, akakubali. Nikishindwa, akasema, narudi kwenye pikipiki.

Njiani mke wangu Antonia aliniuliza kama nimewahi kuoka chochote. Nilimwambia kiongozi haulizwi maswali ya namna hiyo.

Jumanne, 16 Desemba

Nimeoka. Unga, sukari, karanga za kusaga, mafuta ya alizeti, na ndizi mbivu badala ya mayai. Sufuria jikoni, mchanga ndani yake, makaa juu ya mfuniko. Zimetoka nyeusi chini, mbichi juu. Antonia alishauri nipunguze moto wa chini. Nikaongeza wa juu. Awamu ya pili imekuwa nyeusi pande zote, sawasawa kabisa.

Kuku wamezikataa. Lakini kuku si vegani, kwa hiyo sikuvunjika moyo.

Jumatano, 17 Desemba

Kuoka hakutoshi, lazima watu wajue. Nimeweka meza nje ya duka la jirani yetu Salimu, watu waonje bure. Nikachukua boksi, nikaandika kwa kalamu ya maka: BISKUTI ZA KRISMASI. HAZINA MNYAMA WALA MDUDU. Mdudu nimemweka kwa ajili ya nyuki, maana asali nayo imekatazwa. Asiseme mtu kwamba sifikirii.

Walioonja ni wawili, na mmoja amelalamikia jino. Ila wasomaji! Walijaa hadi adhuhuri. Walisoma, wakatazamana, wakaondoka haraka haraka. Nahisi habari zinasambaa.

Alhamisi, 18 Desemba

Habari zimesambaa. Salimu alifika hata sijanawa uso. Hakunisalimia. Alinitaka nimwambie mbele ya Mungu kama biskuti za Mama Genoveva zina mdudu. Nilimjibu, kwa ukweli wangu wote, kwamba sijui yeye anatia nini, ila zangu hazina. Salimu akashika kichwa. Kila Krismasi Mama Genoveva humpelekea sahani nzima. Miaka tisa! Alikaa kwenye ngazi yangu, akatema mate mara tatu.

Antonia alinivuta uani. Akaniuliza kama nimesahau kwamba hapa Babati nzima ukisema mdudu watu wanaelewa kitimoto, nyama ya nguruwe. Nilikuwa nimesahau. Nakiri pia kwamba, kwa dakika kama mbili hivi, nilifurahi.

Jumapili, 21 Desemba

Aibu! Padre amenisimamisha mbele ya waumini wote nimsafishe Mama Genoveva. Alikuwa benchi la mbele, macho mekundu, na kusema kweli nilimwonea huruma. Nilieleza kwamba niliposema mdudu nilimaanisha mdudu, sikumaanisha mdudu. Watu wakacheka. Nikaona nimalizie vizuri. Nikasema nathibitisha kwamba biskuti za Mama Genoveva hazina mdudu wa aina yoyote, labda wale wa kwenye unga.

Padre aliniomba nikae.

Jioni Salimu amempelekea Mama Genoveva sukari kilo mbili za kumwomba radhi. Mimi hakunipa hata salamu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua tangu alfajiri. Mgeni alichukua biskuti yangu, akaijaribu kwa meno ya kushoto, akahamia ya kulia, akatabasamu, akaitia mfukoni. Nilianza kusogea kuelekea kiti cha kamati. Hapo akaingia Mama Genoveva na sinia la viazi vitamu vya kuchemsha. Viazi! Mgeni alikula vitatu, akaomba cha nne. Nilimnong'oneza Padre kwamba kiazi si biskuti. Padre aliniuliza kama kina mnyama ndani yake. Kisha akanionyesha mlango. Pikipiki zilikuwa zinaanguka.

Nje ni tope tupu. Stendi za pikipiki zinazama, moja inaangukia nyingine, madereva wananipigia kelele mimi. Sina jiwe, sina ubao. Nina beseni la biskuti mia na arobaini. Nikaweka moja chini ya kila stendi. Hakuna iliyozama. Hakuna iliyovunjika!

Mgeni alitoka kutazama. Akachomoa moja kwenye tope, akaigongagonga kwa ukucha, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kozi udongo huu tunauchoma wapi. Mtaalamu huyo! Kutoka Ubelgiji!

Nimerudi nyumbani nimelowa, na chai sikuikuta. Si kitu. Nimemweleza Antonia kwamba Januari naanza kuoka kwa ajili ya madereva wote wa mjini. Amekwenda kulala, akajifunika shuka hadi kichwani, nadhani ni furaha. Lile boksi nimelikausha jikoni. Nimefuta KRISMASI, nikaandika PIKIPIKI. Maneno mengine nimeyaacha yalivyo, hayakuwa na kosa.