Malalamiko Kuhusu Tumbo la Shemeji Yangu

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara,

Natumaini barua hii inakukuta na tumbo tulivu. Mimi ni mwalimu wa michezo. Mlipotangaza kwamba mnatafuta watu wenye afya njema, muwapime bakteria wa matumbo yao kama wanafaa kutengenezewa vidonge vya kusaidia wagonjwa, nilikuja mbio. Nilimchukua na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa sababu moja tu: niliona haya kubeba kile kikopo cha choo cha kupimwa njiani peke yangu. Mtaani wanamwita Bwana Godoro.

Majibu yametoka. Bakteria wangu mmewakataa, wa Bwana Godoro mmewachagua. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Mimi hukimbia kila alfajiri na kutafuna mboga za majani mpaka taya zinauma. Yeye huamka akisikia sufuria inafunuliwa. Mtafiti wenu, dada mmoja mpole, alinieleza kuwa wangu walipotiwa kwenye tindikali kama ya tumboni walikufa wote. Wa shemeji walitoka wazima, wakakutanishwa na vijidudu vya kuharisha, wakavishinda. Sishangai. Aliyezoea kukaa kwa watu bila kuaga, utamtoa kwa tindikali?

2. Tangu siku hiyo haoshi vyombo. Akiitwa jikoni anajishika kitovu: "Dada, hili tumbo sasa ni la utafiti." Na dada yake anamwongezea nyama. Ile yangu.

3. Bakteria hao wamekulia kwangu. Chakula nimenunua mimi, choo nimejenga mimi. Naomba nitambuliwe rasmi kuwa mlezi wao, na picha yangu itundikwe pale ukumbini.

4. Fikirieni taifa. Mkiwapa wagonjwa vidonge hivyo watapona, sikatai, ila watapona wakiwa wamelala. Nani atawatoa vitandani? Wodi zitajaa watu wazima kama chuma wanaouliza chakula cha mchana kiko wapi. Wakifukuzwa huko watahamia kwa dada zao. Na sisi waume wa hao dada, tukimbilie wapi?

Kwa hiyo naomba bakteria hao wateketezwe, leo ikiwezekana.

Nisalimieni dada mtafiti, mlinzi wa getini, na yule mama wa mapokezi aliyekipokea kikopo changu kwa mikono miwili kama zawadi.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Michezo

N.B. Nimeshabandika bahasha, nimeifungua tena. Dada mtafiti amepiga simu kusema mnatafuta watu wa kujaribishiwa vidonge vya bakteria hao wa shemeji. Tangu mnikatae nimezidisha mboga ili kuwaonyesha, na sasa tumbo limejaa gesi, hata kupuliza filimbi mbele ya wanafunzi naogopa. Niandikeni wa kwanza. Tafadhali niwe kwenye kundi la vidonge vya kweli, si lile la kupewa vidonge vitupu visivyo na bakteria, vya kulinganishia tu. Bwana Godoro asijue.