Wimbo wa Kuomba Radhi kwa Kufoka

Asubuhi hiyo redio ya mtaa ilitangaza kwamba kuanzia wiki ijayo, wimbo wowote uliorekodiwa kwa makelele utateremshwa sauti ulingane na wenzake. Mitambo, mwenye studio ya kurekodi nyuma ya saluni, akasukuma kikombe pembeni kwenye meza yangu ya kahawa.

“Wanatuua! Wimbo wangu mimi ukilia, sufuria zinahama mezani. Leo waniteremshe?”

“Pole sana, kaka,” alisema Gundi, fundi viatu, macho yakiwa kwenye soli. “Na sisi viziwi wako tutakimbilia wapi?”

“Cheka tu. Wimbo ukianza kinyonge, msikilizaji anahama stesheni. Ndiyo maana penye sauti ndogo napandisha, penye kubwa nakandamiza, halafu nainua mzigo wote mpaka mwisho. Hakuna kupumua!”

“Hata mwimbaji?”

“Hasa mwimbaji.”

Kinyozi wa saluni hiyo alikuwa hajagusa kahawa niliyommiminia. Siku ya kumi hiyo mkewe yuko kwa mama yake. Kinyozi alimfokea mbele ya wateja saluni, mke akafunga mzigo. Kinyozi akatunga wimbo wa kumwomba radhi, Mitambo akamrekodia, wimbo ukatumwa.

“Niliimba kwa kunong'ona mimi,” Kinyozi akasema. “Taratibu, machozi yananilenga. Huyu kanifanya nini? Nasikika kama askari anafukuza ng'ombe!”

“Lakini shemeji kasikia kila neno.”

“Kasikia yeye, mama yake na majirani wanne! Kanijibu, ‘Kumbe hata radhi unaiomba kwa kunikaripia?’”

Gundi akaweka nyundo chini, akashika mbavu. “Na ile pumzi uliyovuta kabla ya kusema nimekosa?”

“Inasikika kama lori linapiga breki.”

“Hizo ndizo hisia zenyewe,” Mitambo akasema, akijipepea kwa kofia.

Simu ya Kinyozi ikaita. Mkewe! Simu yenyewe haisikiki mpaka uweke spika ya nje, kwa hiyo akaiweka mezani, tukainama wote.

“Haya, unasemaje?” mkewe akauliza.

“Nimekosa, mke wangu,” akajibu, chini kabisa.

“Sikusikii.”

Mitambo akanyanyua mikono yote miwili. “Si niliwaambia? Pandisha, bwana! Pandisha!”

Kinyozi akajaza kifua, mshipa wa shingo ukamsimama. Kisha akaishusha ile pumzi polepole. Gundi akamziba Mitambo mdomo kwa kiganja kinachonata. Mimi nikazima redio. Wateja wawili waliokuwa wakibishania kiti nao wakanyamaza.

Kinyozi akarudia, chini vilevile. “Nilikufokea mbele za watu. Nimekosa.”

Tukamsikia mwanamke anavuta kiti, anakaa.

“Hapo nimekusikia,” akasema. “Njoo Jumamosi unichukue.”

Kinyozi akavuta kikombe chake, akainywa kahawa yote.

“Na ukija,” mkewe akaongeza, “usiimbe.”