Mishikio ya Jeneza Langu

Jumatatu, 3 Juni

Daktari ametikisa kichwa. Nimefundisha ufundi wa kukereza vyuma chuoni maisha yangu yote. Namjua mtu anayetikisa kichwa mbele ya kazi iliyoharibika. Basi nakufa. Na anayekufa aseme kweli. Kweli ya kwanza: shemeji yangu hajui kukereza.

Nilimwachia mashine yangu, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Nilimwachia karakana aiendeshe na binti yangu, wala sikunung'unika. (Uongo. Nilinung'unika.) Lakini leo amekereza mishikio minne ya shaba ya jeneza langu, na ameimaliza kabla chai yangu haijapoa! Si bure wateja wanamwita Chapchap. Nikapitisha ukucha juu ya mshikio. Krrr! Mifereji. Ungeweza kufulia nguo juu yake.

Binti yangu akauliza, kwani baba, nani ataipapasa? Nani! Watakaonibeba ni wanafunzi wangu, wakereza watupu. Mimi ndiye niliyewafundisha kukagua kazi kwa ukucha. Watanibeba huku kucha zinakagua. Watacheka hadi kaburini. Kaburini kwangu!

Jumanne, 4 Juni

Kikao cha familia karakanani, mimi nimeviringishwa shuka kama kichanga. Nilieleza kwa upole: punguzeni mwendo wa kisu, kitambae, shaba ing'ae. Chapchap akasema kwa mwendo huo, shemeji, utakufa kisu kikiwa nusu ya safari. Maneno gani hayo mbele ya mgonjwa! Yeye anataka kisu kikimbie, kisha mikwaruzo ifutwe kwa msasa. Msasa! Darasani kwangu msasa ulikuwa wa maseremala.

Binti akatuamua kama watoto wanaogombea mpira. Akanoa ncha ya kisu ikawa mviringo, akaongeza mzunguko wa mashine, mwendo wa kisu akauweka katikati. Mishikio yote ikatoka mapema, tena laini. Nikapitisha ukucha. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikasema nasikia kitu. Hakuna mwingine aliyesikia. Viziwi wa vidole!

Jumatano, 5 Juni

Nakiri, maana shajara hii ni ya toba. Walipotaka kutoka kupeleka mzigo wa mteja, niliomba nikalishwe dirishani mwa karakana, nipate hewa. Wakaenda. Nikafunga mshikio kwenye mashine, nikashusha mwendo wa kisu hadi mwisho kabisa. Kikatambaa kama konokono mwenye baridi yabisi. Raha!

Umeme ukakatika. Uliporudi, kisu kilikuwa kimeacha alama, pete nyembamba. Ningeiacha? Nikakereza tena. Pete ikatoka, lakini mshikio ukawa mwembamba kuliko wenzake. Nikaipunguza ile mitatu ifanane nao. Wa tatu, kwa wembamba wake, ukatetemeka kisuni, ukajaa mikwaruzo. Nikaanza upya yote.

Mwenye kinu cha unga akafika na mhimili uliokatika, anafoka kwamba kinu kimesimama na watu wamejaa na ndoo zao. Nikamwambia asubiri, kuna marehemu anahudumiwa. Akavua kofia.

Binti aliporudi akauliza nani kagusa mashine. Nikakohoa. Nina kikohozi kizuri sana, kimenitoa pengi.

Ijumaa, 7 Juni

Inang'aa! Nimeyaona meno yangu ndani yake, yote mawili.

Seremala akaja kuifunga kwenye jeneza. Akauzungusha mmoja vidoleni, akaniuliza kwa heshima: samahani mzee, hii ni ya jeneza au ya kabati la vikombe? Akauvuta kidogo, ajaribu tu. Ukapinda kama kijiko. Chapchap alicheka hadi akakaa chini, juu ya nyuzi za chuma zilizodondoka mashineni. Natumaini zilimchoma.

Binti yangu hakucheka. Alisema shaba ile aliizungukia mji mzima, kwa sababu baba ni mmoja tu. Akaingia ndani. Hilo liliniuma kuliko kifua.

Kana kwamba hayo hayatoshi, daktari akaja, akasikiliza mapafu, akasema nina nafuu. Eti ugomvi umenichangamsha damu! Nikamuuliza, na Jumatatu ulitikisa kichwa kwa nini? Shingo, akasema. Aliilalia vibaya.

Jumapili, 9 Juni

Yamekwisha. Binti amepata shaba nyingine, ameikereza kwa vipimo vyake vile vya katikati. Chapchap amemsaidia bila kunitania. Nashuku kuna namna. Nimeapa mbele yao sitagusa. Nimejifunza: fundi ni yule anayejua wakati wa kuzima mashine. Nililia kidogo. Binti akanifuta machozi, akaniambia nipumzike sasa, baba.

Mishikio iko mezani hapa, minene, mizuri. Ukucha unapita kimya.

Isipokuwa wa nne. Upande wa kushoto, karibu na mwisho. Si kitu. Kuondoa kiasi cha unene wa karatasi tu kungetosha.

Nimemwambia binti yangu kifua kinabana. Nimeomba nikalishwe dirishani mwa karakana, nipate hewa.