Mdomo wa Mfuko

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkuu wa Maabara ametuita dirishani, mimi na Bi Kimya. Husimama hapo akiwa na habari asiyoipenda. Chumba chetu cha ubunifu kina meza mbili. Mwezi ujao kitabaki na moja.

Mwenye kiwanda amesema biskuti zetu ni tamu, ila mtu akishafungua pakiti leo, kesho zimeingia hewa, zinatafunika kama kadibodi iliyolowa. Anataka pakiti inayofunguka na kufungika tena. Kila mmoja wetu alete kifungo chake Ijumaa. Pakiti zitiwe biskuti, zifunguliwe na kufungwa kwa siku saba, kisha zionjwe. Mwenye kifungo bora atabaki. Mwingine atarudi kwenye mkanda wa kufungashia na kofia ya wavu kichwani. Mimi nilitoka huko miaka sita iliyopita.

Bi Kimya aliuliza pakiti iwe na upana gani. Basi. Siku nzima hakusema tena. Mimi nilisema nina wazo tayari.

Sina wazo. Nina jina: Pumzi Tamu. Nimeliandika mara kumi na nne kwa wino wa buluu, kila mara likizidi kupendeza. Alasiri nimetazama mvuke wa tanuri ukipita juu ya paa, nikawaona watu wa nchi nzima wakifunga pakiti zao jioni, taratibu, kama wanaofunika watoto shuka. Wote wananishukuru. Kengele ya kutoka ikanikuta bado nawapungia mkono.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata!

Nilirudi nyumbani kula mchana. Mama mkwe, aliyekuja kukaa nasi wiki kadhaa, alikuwa amelala kitini barazani. Si adabu kumtazama mkwe akilala. Nimemtazama robo saa. Midomo yake inafungana barabara, kutoka kona hadi kona. Akitoa pumzi, panafunguka upenyo mdogo, hewa inatoka, pu, inafunga tena. Hewa inatoka, haiingii. Nzi alijaribu mara tatu akaenda zake.

Nimechora nyuma ya bahasha. Mke wangu aliuliza ni nini. Nikasema ua. Akasema ua hilo lina meno.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimetengeneza cha kwanza. Ni tepe mbili za plastiki. Moja ina kijiti chembamba, nyingine ina kijito, yaani mfereji mwembamba, na kijiti kinalala ndani ya kijito. Nimeurudia msemo huo njia nzima mpaka nikapitiliza kituo.

Nyumbani nikafungia mfuko wa sukari. Ulifunga. Haukufunguka. Mke wangu akavuta, mimi nikavuta, tukavuta pamoja, ukapasuka, sukari ikafika mpaka kwenye taa. Mke wangu akasema, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba kazi ya mfuko wa sukari ni pamoja na kutoa sukari. Nimeandika katika ripoti: mafanikio ya upande mmoja.

Kisha yakaja makubwa. Mama mkwe alikuwa akitafuta miwani yake, akakuta ile bahasha. Chini ya mchoro nilikuwa nimeandika, kwa herufi kubwa ili nisisahau: MDOMO WA MAMA MKWE. UFUNGWE KABISA. HEWA ISIPITE.

Chakula amekula chumbani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimepunguza unene wa kijiti. Sasa kifungo kinajifungua chenyewe, polepole, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kusoma barua ya zamani. Nimekitazama kikifanya hivyo mara nyingi. Kinapendeza sana. Hakifai kitu.

Bi Kimya amemaliza chake. Unakunja mdomo wa pakiti, unabandika kwa utepe wa gundi ulio mgongoni. Nilimwambia, kwa wema, kwamba ni rahisi mno. Akasema, "Ndiyo." Hiyo "ndiyo" yake imenisumbua mpaka saa kumi.

Nyumbani nilipiga magoti karibu na kiti cha mama mkwe nikamweleza ukweli wote. Kwamba namstahi. Kwamba nimetafuta katika vitabu na mashine, na sijaona kitu kinachofunga vizuri kama midomo yake. Mke wangu alikuwa mlangoni, uso kaufunika kwa upande wa kanga, mabega yanamtikisika.

Mama mkwe akanyoosha mkono, akaomba huo mfuko wenyewe auone.

"Baba," akasema, "wewe unaufunga kama unapiga muhuri. Mdomo haufungwi kwa katikati. Anzia pembeni, uje nao."

Akaanzia pembeni kwa vidole viwili, akaja nao. Trrrp. Ukafunga. Akauvuta ukafunguka. Trrrp tena. Tulifanya hivyo mara saba, mimi na yeye, jua linaingia kwenye plastiki na kututupia rangi mapajani. Mwishowe akaomba kalamu na ile bahasha, akafuta neno KABISA.

Usiku huu anakula nasi mezani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Jaribio limeanza. Mkuu wa Maabara ametia biskuti kumi na mbili katika kila pakiti, akazihesabu kwa sauti, akaziweka kwenye kabati la vioo. Atakayezifungua na kuzifunga asubuhi na alasiri ni mama wa chai, kwa kuwa ana mikono ya mtu wa kawaida. Sisi wabunifu, alisema Mkuu, mikono yetu ina upendeleo.

Nilimfuata mama wa chai jikoni nikamwomba changu aanzie pembeni. Alisema mfuko unaohitaji masomo una walakini, ila atajaribu, maana nimemwomba kama mtu aliyekuja kuposa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeangamia.

Nilibaki na pakiti moja ya akiba hapa nyumbani, nayo nimetia biskuti. Jana niliifunga mwenyewe, nimeegemea dirisha, nikitazama wingu moja lenye umbo la birika. Leo nimefungua. Biskuti zimelegea zote. Unaikunja, inakubali.

Kwa hiyo kifungo changu hakifungi. Hakuna maelezo mengine.

Mke wangu aliuliza kama nilianzia pembeni. Nilimjibu kwamba huu si wakati wa mambo madogo madogo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimepita mbele ya kabati mara kumi na moja. Pakiti ya Bi Kimya imesimama wima. Yangu imeegemea upande, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Bi Kimya mwenyewe hasemi kitu. Leo alisimama mbele ya kabati kitambo, akatikisa kichwa kidogo, akarudi kwenye meza yake akaanza kupanga penseli zake ndani ya boksi. Anapanga penseli! Ndivyo wanavyofanya watu wenye uhakika. Ameshajiona ana chumba kizima peke yake, anaanza kukitengeneza.

Nimeitazama kofia yangu ya zamani ya wavu. Ipo kwenye droo. Imejikunja kama kitu kilicholala na kinachoota kunihusu mimi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mpango umekamilika. Ni mpango mwepesi, wa kibinadamu, hauumizi mtu ila Bi Kimya.

Vifungo siwezi kubadilisha, kila mtu anavijua. Lakini biskuti ni biskuti. Hazina jina. Kesho asubuhi, kabla watu hawajafika, nitatoa zake kumi na mbili niziingize kwangu, na zangu kumi na mbili niziingize kwake. Ufunguo wa kabati unaning'inia kwenye msumari.

Dhamiri ilinisemesha kidogo. Nikaijibu kwamba biskuti zote ni mali ya kiwanda, kwa hiyo hakuna zake wala zangu. Ilinyamaza. Nadhani iliridhika.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Naandika haya yote kwa utaratibu, kama yalivyokuwa.

Saa moja na nusu niliingia maabara. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umejaa chumba, vumbi la unga likielea ndani yake, nikajihisi mtu anayefanya jambo ndani ya wingu. Nilitandaza karatasi. Nikahamisha kumi na mbili huku, kumi na mbili kule. Sikuonja hata moja, maana zilikuwa za kuhesabiwa. Wala sikuzibonyeza, nilizishika pembeni kwa heshima. Niliona chenga zimejaa kwenye gundi ya Bi Kimya, kama mchanga kwenye mguu uliolowa, hata mkunjo ukawa haushiki sawasawa. Nikafikiri: mtu mchafu. Kwa wema nikambonyezea.

Yangu niliifunga vizuri, kuanzia pembeni. Trrrp.

Saa tatu walikuja wote: Mkuu wa Maabara, mama wa chai, Bi Kimya na mzee mwenye kiwanda mwenyewe, na fimbo yake. Mzee alitoa biskuti ya Bi Kimya, akaivunja.

Pak.

Mlio safi. Ulikwenda mpaka ukutani ukarudi. Kisha akatoa ya kwangu, akaivunja. Haikuvunjika. Ilijikunja kama sikio.

Mzee akampa Bi Kimya mkono. Bi Kimya hakuupokea. Akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia katika miaka sita.

"Hizi si zangu, mzee. Gundi yangu imekufa tangu Jumatatu, chenga zimeijaa. Nimekuja leo nikijua nimeshindwa. Hata penseli nimeshafungasha."

Mama wa chai akasema hata yeye anashangaa. Hiyo ya gundi ilikuwa haishiki, anaifunga inafunguka. Hii nyingine, ukianzia pembeni, imefunga kila siku mpaka raha.

Wengine hawakuelewa. Mimi nilielewa. Ule mlio ulikuwa wangu. Siku saba, kufungua na kufunga, na biskuti zangu zimekaa kavu kama siku ya kwanza, mpaka mimi mwenyewe nilipozitoa kwa mikono yangu nikampa mwenzangu.

Nikinyamaza, narudi kwenye mkanda, na kifungo changu kinatupwa. Nikisema, mimi ni mwizi. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa dhamiri. Haikuwa dhamiri. Mzee alichukua biskuti nyingine akaivunja, pak, nami sikustahimili kuusikia mlio wangu ukiitwa kwa jina la mtu mwingine.

Nikasema, "Nilizibadilisha mimi, mzee. Leo asubuhi."

Mkuu wa Maabara alikwenda kusimama dirishani. Mzee alitafuna mpaka akamaliza, akafuta chenga kwenye koti, halafu akauliza, si kwa hasira, inakuwaje mtu aliyeshinda aibe kushindwa kwa mwenzake. Nilisema nilidhani. Akauliza nilidhani nini. Nikasema nilidhani tu.

"Kifungo kitabaki," akasema mzee. "Mfungaji atakwenda."

Kwa hiyo kifungo changu kitawekwa kwenye pakiti zote za kiwanda. Bi Kimya atabaki na chumba, aseme kinachohitaji kurekebishwa. Mimi Jumatatu narudi kwenye mkanda.

Bi Kimya alinisindikiza mpaka mlangoni na kiti changu, kwa kuwa kina mto nilioununua mwenyewe. Akasema kifungo changu kisingepata mpinzani. Nilitaka kumchukia lakini sikuona pa kuanzia.

Nyumbani nilisimulia yote. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kusimama uani peke yake, akarudi akanipakulia chakula, nyama kubwa akaniwekea mimi. Mama mkwe aliuliza jambo moja tu: je, huko kiwandani wameambiwa waanzie pembeni? Nikasema wameambiwa. Akasema basi.

Nikala ile nyama kubwa.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Leo zimepita pakiti za kwanza zenye kifungo changu.

Zilikuja kutoka kwenye mashine moja moja, halafu mfululizo, maelfu, midomo yote imefungwa, kimya, zinatikisika kidogo kama watu waliolala kwenye treni. Nilisimama na kofia yangu ya wavu nikiziangalia, machozi yakanilenga. Niliziona zikifika majikoni, kwenye mifuko ya walimu, chini ya mito ya wagonjwa. Nilimwona mtu nisiyemjua akiifunga jioni, kuanzia pembeni. Nilikaa huko kwa mtu huyo muda mrefu. Mwenzangu wa mkanda wa pili alinigusa bega, akasema pakiti kadhaa zimenipita bila kukaguliwa.

Huyo wa mkanda wa pili namwita Mwimbaji, maana kutwa anaimba puani. Sasa, kuna habari. Msimamizi ametangaza kwamba pakiti mbovu ambazo maduka yanaturudishia zitawekwa kwenye kikapu cha mkanda zilikotoka, kila kikapu na kifuniko chake. Ijumaa vitapimwa. Mwenye kikapu chepesi atakuwa naibu msimamizi. Ana meza. Meza iko dirishani.

Nimemtazama Mwimbaji. Anaimba. Mtu hawezi kuimba namna hiyo ila awe na kikapu kitupu. Mimi nimekuwa nikiota kutwa, kikapu changu lazima kimejaa pomoni.

Vikapu vinafanana. Vina namba tu, ya karatasi, imebandikwa.

Alhamisi mchana, watu wakienda kula, nitabadilisha namba. Sijachungulia ndani ya chake. Wala changu. Hakuna haja. Mambo mengine mtu anayajua tu.