Petroli Baada ya Mwisho wa Dunia

Mheshimiwa Diwani wa Barabara na Vumbi, Mheshimiwa Katibu wa Chama cha Wanyoa Kondoo, Kamanda wa Zimamoto ya Kujitolea, Bi Rhonda mwenye baa na mwenye viti mlivyokalia, wananchi wote mia moja na kumi na wanne wa Wirrabilka, kitovu cha jangwa la Australia, mabibi na mabwana, na wewe Mzee Clarrie fundi magari, uliyekaa mlangoni ili utoroke:

Nasimama mbele yenu mimi, Noelene Tadgell, Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Filamu ya Mwisho wa Dunia, na, kwa bahati tu, mama mzazi wa mwongozaji wake, Fergus, mtoto aliyetembea akiwa na miezi tisa, ambaye huu ni mwaka wa sita yuko Sydney hajakanyaga hapa, na ambaye filamu hii, kwa makadirio ya kitaalamu, itamrudisha mezani kwangu kwa muda usiopungua wiki nane. (Makofi. Bi Rhonda: "Mlishe vizuri, mwenzangu, safari hii asitoroke!")

Kamati imefanya upembuzi yakinifu. Hadithi ya filamu ni hii: dunia imekwisha, miaka ishirini imepita, na magari arobaini yanakimbizana jangwani kutwa nzima yakigombea tangi moja la petroli. (Mzee Clarrie: "Mama, magari arobaini kutwa nzima yatakunywa matangi mawili! Sasa wanagombea nini?" Vicheko.) Swali zuri, limeingia kwenye kumbukumbu. (Mzee Clarrie: "Na petroli ya miaka ishirini! Msumeno wangu wa injini niliuacha na petroli kiangazi kimoja tu, ikanuka kama vanishi, kabureta ikaziba!")

Ndugu wananchi, kamati hii sikivu haidharau msumeno wa mtu. Kwa kuzingatia uhalisia, tuliyaondoa magari yote arobaini, sawa na asilimia mia moja, mahali pake tukaweka ngamia pori, rasilimali tuliyojaliwa kwa wingi. (Kamanda wa Zimamoto: "Ngamia hao hao waliong'oa bomba la kanisa wakitafuta maji? Utawashika wewe?" Kelele.) Utulivu, tafadhali. Ngamia nao tukawaondoa, tukaazimia wahusika wakimbizane kwa miguu.

Hapo ndipo kamati ilipokumbana na changamoto, kwa kuwa joto ni digrii arobaini na sita, na mimi mwenyewe nimewaona kwa macho yangu mkiwasha gari kutoka baa hadi posta, mwendo wa hatua themanini. (Sauti: "Na wewe je?") Na mimi pia, sikatai. Hivyo rasimu ya mwisho inasema: dunia imekwisha, petroli imeoza, na watu wote wamekaa kivulini kwenye baraza ya Bi Rhonda wakinywa bia ya moto na kulaumiana. (Bi Rhonda: "Aa, hiyo si filamu, hiyo ni Jumanne yetu ya kawaida!" Vifijo.) Huo ndio uhalisia! Hakuna nchi iliyowahi kuufikia!

Wirrabilka! (Watu: "Vumbi!") Mwisho wa dunia! (Watu: "Kivulini!") Petroli! (Mzee Clarrie: "Imeoza!")

Nihitimishe kwa shukrani za pekee kwa mwongozaji wetu, ambaye leo asubuhi, baada ya kuletewa habari na mmoja wenu mwenye mdomo mrefu, alinipigia simu yeye mwenyewe, kwa hiari yake, akaniuliza, "Mama, filamu gani? Mimi kazi yangu ni kutandika mazulia." Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo hiyo, mama yako keshawatangazia watu." Akasema, "Usithubutu kusimama tena mbele ya watu, nakuja Ijumaa kukuzuia." (Makofi marefu. Bi Rhonda anafuta macho.)

Anakuja, jamani. Ijumaa. Kamanda, akishaingia tu mjini, funga barabara.

Ahsanteni sana.